Matone ya Bibi na "once" mbili

Kikundi: UKOO WA MZEE BAKARI – TANGA

Rehema: Shikamooni wakubwa. Niko kwa Bibi. Matone yake ya presha ya macho yalifunguliwa jana, leo hataki yaguswe. Anasema chupa haifunguliwi mara ya pili, Juma ndiye aliyemsomea. Kibandiko hiki hapa: "One drop once daily. Once opened, use within 28 days."

Juma: Si ndivyo imeandikwa? Once, mara moja. Opened, imefunguliwa. Kuna nini cha ajabu?

Anko Salim (Muscat): Hahahaaa. Kwa hiyo Bibi angemimina chupa nzima jana amalize kazi?

Shangazi Mwalimu: Marahaba Rehema. Juma, ya kwanza umepatia: "once daily" ni mara moja kwa siku. Ya pili inaanza sentensi na nyuma yake kuna tendo, hiyo ni kiunganishi. Kazi yake sisi tunaifanya kwa -sha-. IKISHAfunguliwa, itumike ndani ya siku 28.

Juma: Wangesema "after" tungeelewana bila kelele.

Shangazi Mwalimu: Wangeweza. Ila once inabana zaidi: hili likitokea tu, na lile linaanza. Siku zinahesabiwa tangu kifuniko kilipokatwa. Na wewe Nasra najua unasoma kimyakimya, mtihani wa kidato cha pili huo unakuja. Baada ya once ya namna hii usitie "will". "Once you arrive, call me." Hiyo "once you will arrive" imenimalizia kalamu nyekundu miaka yote niliyofundisha.

Nasra: 🙈 Shikamoo shangazi. Na "I once went to Pangani"?

Shangazi Mwalimu: Marahaba mwanangu. Hiyo ni niliwahi kwenda Pangani, siku moja huko nyuma. Ukiipeleka mwisho, "I went to Pangani once", msikilizaji anahesabu safari: umekwenda mara moja. Neno ni lile lile, kiti ndicho kimebadilika. Imezaliwa na one, kama twice ilivyozaliwa na two.

Anko Salim (Muscat): Na bosi akisema "come at once"?

Shangazi Mwalimu: Hiyo haimsumbui Mswahili. "Njoo mara moja" ni papo hapo, hatuhesabu.

Anko Salim (Muscat): Isipokuwa Mswahili akikwambia "natoka mara moja". Huyo mngoje mpaka magharibi 😂

Dada Zawadi (nesi): Jamani, nimetoka zamu sasa hivi ndiyo naona. Bibi ATIWE leo, presha ya macho haina mapumziko. Rehema, jina la dawa?

Rehema: Latanoprost.

Dada Zawadi (nesi): Basi tone moja usiku, saa ile ile kila siku. Akisahau, asitie mawili kesho yake kufidia. Ncha ya chupa isiguse jicho. Akishatiwa afumbe, mbonyeze kona ya jicho upande wa pua kama dakika moja, dawa isikimbilie puani. Ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji. Ikishafunguliwa inaweza kukaa nje, mradi joto lisizidi nyuzi 25.

Anko Salim (Muscat): Nyuzi 25, Tanga? 😄

Dada Zawadi (nesi): Ndiyo maana nasema iwekeni mlangoni mwa friji, kule kwenye barafu hapana. Na siku 28 zikiisha mnatupa hata ikiwa imebaki nusu. Kila mkifungua, vijidudu vinapata njia.

Rehema: Bibi anasema kutupa dawa ya pesa ni israfu.

Dada Zawadi (nesi): Mwambie nitampigia mwenyewe baada ya isha.

Rehema: Nimeandika kwenye boksi kwa kalamu: imefunguliwa 6/5, mwisho 3/6. Kwa Kiswahili.

Juma: Sasa leo nani anamtia?

Rehema: Wewe. Saa tatu usiku, na unawe mikono kwanza.