Ukaazi wa muda ugenini: Qatar miaka miwili au njia ndefu ya Ujerumani? Naombeni ulinganisho

ZabibuTamu
Mbukwenyi wakuu. Nipo Dodoma hapa hapa, Ipagala. Nimepata mkataba wa kazi Qatar wa miaka miwili, kibali cha ukaazi kinakwenda na mkataba. Kuna njia nyingine ya Ujerumani, nako unaanza na kibali cha muda ila watu wanasema baadaye kinaweza kuwa cha kudumu. Wa Qatar wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nataka faida na hasara za kuishi kwa kibali cha muda nchi ya watu, kutoka kwa walioishi, siyo waliosimuliwa. Wa matusi mpite kimya kimya.

KipandeChaTreni
Umeleta mada nusu. Kazi gani? Mshahara kiasi gani? Una mume, una watoto? Hapa Dodoma umeajiriwa au upo mtaani? Kijerumani unakijua? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

BiChamwino
Nakazia. Na huo mkataba kakupa mwajiri mwenyewe au wakala? Hapo ndipo watu wanapoliwa.

MzeeWaMakulu
Mimi sioni sababu ya kuhangaika huko. Dodoma ya leo siyo ile ya vumbi. Serikali imehamia, treni ya umeme inafika tangu 2024, viwanja kuanzia Nala mpaka Ihumwa bei haikamatiki. Kibali cha muda ni sawa na kupanda zabibu kwenye shamba la kukodi. Mche ukianza kukulipa, mwenye shamba analitaka shamba lake.

KipandeChaTreni
Shikamoo mzee. Ila wewe shamba unalo. Wengine hata la kukodi hatuna.

ZabibuTamu
Samahanini, nilikuwa zamu. Mimi ni nesi, stashahada, nimeajiriwa serikalini. Nina mume, yeye kazi yake iko Mtumba, na mtoto wa miaka mitatu. Qatar ni riyali 4,500 kwa mwezi, nyumba na usafiri juu yao. Ujerumani sina mkataba bado, na Kijerumani sijaanza.

KipandeChaTreni
Sasa dada, hapo una njia moja na ndoto moja.

SindanoTaratibu
Usimkatishe tamaa, hata mimi nilianzia kwenye ndoto. Nipo Ujerumani, wodi ya wazee, nimetokea Kongwa. Nakueleza kilivyo, siyo kama wanavyokieleza kwenye video.

Cheti chako cha unesi kwanza wanakilinganisha na cha kwao. Mara nyingi wanakujibu kwa barua inayotaja mapungufu yako, halafu unafanya mtihani au mafunzo ya kuziba hayo mapungufu. Wakati huo wote unafanya kazi kama msaidizi: unaogesha, unageuza, unalisha, na mshahara ni wa msaidizi. Leseni ya unesi kamili inataka lugha kiwango cha B2, yaani uelewe na uongee vizuri bila kukwama. Kutoka sifuri, huku unafanya zamu na una mtoto mdogo, hiyo siyo kazi ya mwaka mmoja.

Faida yake ni kwamba mlango wa mbele upo. Ukishatambuliwa kuwa mtaalamu na kupewa kibali cha mtaalamu, baada ya miaka 3 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu, mradi uwe umechangia pensheni miezi 36 na lugha uwe nayo. Lakini sikiliza vizuri hapa, maana wengi hawaambiwi: ile miaka ya usaidizi, wakati unasubiri kutambuliwa, haiingii kwenye hiyo mitatu. Saa inaanza kuhesabu ukiwa na kibali cha mtaalamu.

Na usidhani ukishaingia umemaliza. Kadi yangu ya kwanza ilikwisha kabla ofisi ya wageni haijanipa miadi. Wakanipa karatasi ya kusubiri, imekunjwa mara tatu, ina picha yangu kwa ndani. Kwa sheria inatosha kabisa. Nenda nayo benki sasa. Dada wa kaunta aliigeuza mbele nyuma, akaita mwenzake, mwenzake akaita bosi. Nilipotaka kuhama chumba, mwenye nyumba akaniambia nirudi nikiwa na kadi. Ukaazi wa muda ndiyo huo: upo kihalali, lakini kila mtu anakutazama mkononi una nini.

MdauWaDoha
Na mimi niseme ya Qatar maana inasemwa vibaya na watu waliolala mwaka 2010. Tangu 2020 kubadili mwajiri hakuhitaji tena barua ya ruhusa kutoka kwa mwajiri wa zamani, na wafanyakazi walio wengi hawaombi tena kibali cha kutoka nchini. Kodi ya mshahara hakuna. Riyali imefungwa na dola, 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo unachotuma nyumbani hakiyumbi kwa upande wa huku. Ukimaliza mkataba una kiinua mgongo, kisichopungua mshahara wa msingi wa wiki 3 kwa kila mwaka uliofanya kazi.

Hasara: ukaazi wako ni kazi yako. Kazi ikifa, na kibali kinafutwa, una muda mfupi wa kupata mwajiri mwingine au kufunga mabegi. Hata ukae miaka 10, ukistaafu unarudi. Ukaazi wa kudumu upo kwenye sheria ya mwaka 2018, lakini kwa aliyezaliwa nje wanataka miaka 20, na wanaoupata ni wachache mno. Na kwa riyali 4,500 sahau kuwaleta mume na mtoto wakaishi nawe. Hapo panauma kuliko joto.

BiChamwino
Mtoto wa miaka mitatu umwache miaka miwili? Anarudi mama, mtoto anamwita shangazi.

MdauWaDoha
Likizo zipo, bibi. Wanaume wanaondoka kila siku hamsemi.

BiChamwino
Nasema kwa wote.

DerevaWaZamani
Ngoja niwape yangu, ndefu kidogo, vumilieni.

Wakala mmoja, simtaji, alituchukua vijana kadhaa kutoka kanda hii, Singida na Dodoma, kwenda Falme za Kiarabu kwa udereva. Tulilipa kwa awamu. Risiti alitupa zenye jina lake kwa kalamu, muhuri hakuna. Siku ya safari tunaangalia viza, ni ya matembezi. Akasema hiyo ni ya kuingilia tu, mkifika kampuni inawabadilishia mnapata ukaazi wa miaka miwili. Tukaamini, maana tiketi tumeshika mkononi na nyumbani wameshachinja mbuzi.

Tukafika. Msimamizi wa kambi akakusanya pasipoti zote, akazitia kwenye droo ya meza yake ya bati, akafunga kwa funguo. Kazi ikawa kupakua mizigo ghala, siyo kuendesha. Tukimuuliza kibali anasema "bukra", kesho. Viza ya matembezi ikaisha. Kuanzia hapo faini ni dirhamu 50 kwa siku, na inakimbia hata ukiwa umelala. Mwenzetu jino likamvimba mpaka jicho likafumba. Hospitali wanataka kitambulisho cha ukaazi, hana, bima hana. Tukawa tunampa maji ya chumvi na panado.

Ukidai mshahara unaambiwa nenda kashtaki. Ukashtaki vipi, wewe mwenyewe ni mkosaji wa uhamiaji? Hiyo ndiyo maana ya kuishi bila karatasi. Hata aliyekuibia anakutishia polisi.

Kilichonitoa ni msamaha walioutangaza kuanzia Septemba 2024, unafutiwa faini, halafu unaondoka au unarekebisha karatasi. Nikaondoka. Wawili walirekebisha, mmoja mpaka leo yupo kule na ana kibali safi, anaendesha basi la shule na anajenga Manyoni. Kwa hiyo sisemi Uarabuni ni kubaya. Nasema usipande ndege kwa viza ya matembezi kwenda kufanya kazi. Kibali cha muda chenye jina la kazi yako halisi kina nguvu, maana siku mkikosana una pa kusimamia.

SindanoTaratibu
Pole sana kaka.

KipandeChaTreni
Huyo wakala bado yupo? Tupe hata herufi ya kwanza.

DerevaWaZamani
Sitaki kesi.

MwanasheriaUchwara
Mmeacha jambo kubwa. Ukaazi wa muda una faida moja isiyosemwa: unabaki Mtanzania. Ujerumani tangu Juni 2024 wanaruhusu uraia pacha, na muda wa kuomba uraia ni miaka 5. Watu wanashangilia. Wanasahau kwamba upande wetu mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania anaupoteza. Na asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi hapa isipokuwa kwa uwekezaji. Sasa hicho kiwanja chako cha Ihumwa?

KipandeChaTreni
Si kuna hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania?

MwanasheriaUchwara
Hadhi maalum siyo uraia. Hupigi kura nayo.

KipandeChaTreni
Kura nani anaitaka, mimi naongelea kiwanja.

MwanasheriaUchwara
Fungua uzi wako basi.

MzeeWaMakulu
Viwanja vya Ihumwa mtu asinunue kabla hajaona ramani ya mipango miji. Jirani yangu kauziwa barabara.

SindanoTaratibu
Turudi kwa dada. Kuna jambo ajue kabla hajampa mtu hela ya "kupelekwa Ujerumani". Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya mwaka 2023, na Tanzania imo. Ujerumani inaifuata: kampuni binafsi hairuhusiwi kuja kukusanya manesi kwenye nchi hizo. Wewe binafsi kuomba unaruhusiwa, hakuna anayekuzuia. Lakini wakala anayekaa hotelini Dodoma anaandikisha manesi wa Ujerumani, muulize anatumia utaratibu gani, kisha tazama anavyotafuta mlango.

Na pensheni: ukichangia Ujerumani chini ya miezi 60 ukaondoka Ulaya moja kwa moja, unaweza kudai sehemu uliyokatwa wewe baada ya miezi 24. Nyumbani Tanzania pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180 ya michango. Piga hesabu umeshafika wapi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

BiChamwino
Hilo la kuacha kazi ndilo nililotaka. Serikalini usiondoke kimya kimya ukadhani utarudi uendelee. Utoro unakufukuzisha. Kaulize rasmi habari ya likizo bila malipo, wakikataa wakatae kwa maandishi. Na mkataba wako upeleke kwa watu wa ajira wa serikali wauone, TaESA wapo kwa kazi hiyo.

ZabibuTamu
Asanteni sana, nasoma kila mmoja. BiChamwino uliuliza habari ya wakala, ndiyo, yupo. Mkataba alinitumia kwa simu. Nimeurudia leo vizuri, sehemu ya kazi haijaandikwa nesi, imeandikwa msaidizi wa huduma za afya. Nilipomuuliza akasema ni lugha tu ya kule, viza ikitoka wanabadilisha.

DerevaWaZamani
"Wanabadilisha." Haya.

MdauWaDoha
Dada simama hapo hapo. Nesi Qatar lazima vyeti vyako vihakikiwe na Dataflow na ufanye mtihani wa Prometric ili upate leseni. Umefanya?

ZabibuTamu
Dataflow hajaniambia chochote.

MdauWaDoha
Basi huendi kama nesi. Riyali 4,500 kwa msaidizi siyo pesa mbaya, lakini miaka miwili hiyo haitahesabika kama uzoefu wa unesi, na ukitaka kuhamia hospitali nyingine utaanza upya. Mwambie akupe jina la kituo, kisha wewe mwenyewe uwaandikie. Kwani anakudai kiasi gani?

KipandeChaTreni
Swali zuri hilo.

BiChamwino
ZabibuTamu tujibu, na mume wako anasemaje?

MzeeWaMakulu
Kimya. Ameingia zamu huyo. Wakati tunamsubiri, kuna anayejua mwaka huu wanunuzi wa zabibu za mvinyo wanatoa bei gani Hombolo? Tulivuna, mzigo unakaa juani.

Nkuhungu_Boy
Wakuu na mimi nidandie. Kaka yangu yupo Uturuki kwa kibali cha muda mfupi, mtaa aliohamia wamemwambia umefungwa kwa wageni, hawapokei maombi ya anwani pale. Ni kweli au anazungushwa?

MwanasheriaUchwara
Ni kweli. Mtaa ukishazidi asilimia 20 ya wageni hawasajili wapya. Atafute mtaa mwingine kabla hajalipa kodi ya nyumba.

Nkuhungu_Boy
Kashalipa ya miezi sita.

KipandeChaTreni
Aisee.

SindanoTaratibu
ZabibuTamu ukirudi, masomo ya Kijerumani Goethe wapo Dar, ila kwa A1, kiwango cha mwanzo kabisa, kuna watu wanasoma mtandaoni na kwenda Dar kwa mtihani tu. Siku hizi na treni unaenda na kurudi. Hata ukienda Qatar, anza lugha.

MzeeWaMakulu
Hakuna hata mmoja aliyenijibu habari ya zabibu.