Naombeni ushauri: VW Beetle 1600 ya kabureta kwenda EFI (mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa kwa umeme), presha inadondoka kwenye kona

Wakuu, kabureta imetoka, sasa kuna nozeli 4, kontrol boksi na pampu ya umeme karibu na tangi. Presha ni bar 3. Tangi likifika robo, ukikata kona kali mshale wa geji unashuka hadi 1.5 na injini inakohoa.

Tangi la kabureta halina vizuizi ndani, mafuta yanakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa. Kabureta ilikuwa na bakuli lake la akiba, nozeli hazina.

Nichomelee vizuizi, au nifunge kitangi cha lita 1 kinachojazwa na pampu ndogo ya presha ya chini, na paipu ya marejesho (inayorudisha petroli iliyozidi kutoka kwenye nozeli) iingie humo? Naegemea kitangi, maana kuchomelea tangi la petroli ni hatari hata likioshwa. Kikae wapi, na hewa yake itoke vipi?