Naomba ushauri: haadi diski mpya haionekani kwenye Windows

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Uyole, Mbeya. Juzi nimenunua haadi diski ya TB 4 pale Mwanjelwa, nikaifunga kwenye kompyuta ya mezani. BIOS (ile programu inayoanza kabla ya Windows) inaiona, na ukiigusa unasikia inazunguka, ila nikiwasha Windows 10 naikuta ile ya zamani peke yake. Waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta, nimebadili, tundu nimehamisha, wapi! Kwenye usimamizi wa diski inatokea na mstari mweusi, inaniuliza MBR au GPT, yaani mtindo upi wa kupanga sehemu za diski. Najua MBR inaishia TB 2, lakini naogopa kubonyeza. Kazi za wateja zote ziko kwenye ile ya zamani, nisije nikafuta nisichokusudia. Nichague GPT halafu nifomati tu? Muuzaji anasema niirudishe, ila kwa baridi hii jamani…