Mrejesho: ukungu wa Manda umekubali, ukuta bado

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kwa nini mikoko ya kisiwa cha Manda, nikiichora kidijitali kutoka gati la Lamu, inaonekana kama imebandikwa juu ya mbingu.

Aliyesema nigawe leya 3 (tabaka za picha zinazokaa moja juu ya nyingine) na nichote rangi ya anga pale pale kwenye upeo, kapatia kabisa. Mikoko ya mbali nimeifunika kwa rangi hiyo asilimia 60, ya kati 30, ya mbele sikuigusa. Kisha brashi laini, kubwa, nguvu asilimia 10, juu ya mstari wa maji. Kina kikaja hapo hapo! Kosa lilikuwa weusi uleule mbali na karibu.

Ukuta wa mawe ya matumbawe, ule wa kichochoroni, umenishinda nusu. Picha ya mawe niliyoiweka juu yake kwa modi ya kuzidisha (multiply, inayokoleza rangi za chini yake) ilitia giza kila kitu. Nikaishusha nguvu hadi asilimia 35 na kuipinda ifuate kichochoro. Afadhali, ila tundu moja linajirudia mara tatu, jicho linalikamata upesi. Kilichosaidia ni kufuta mawe kwenye jua kali kwa brashi chakavu, nikayaacha pale mwanga unapokutana na kivuli.