Vitamini D imeshuka mpaka 11, na kutoka nje naogopa mnara. Nifanyeje?

SindanoNaUzi

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari zenu. Naandika kwa simu ya mdogo wangu na nikimaliza inazimwa, kwa hiyo mkiona kimya msidhani nimewadharau.

Nina miaka 36, fundi cherehani, nakaa Magomeni ghorofa ya tatu. Mwaka juzi walisimika mnara wa simu juu ya paa la jengo la pili kutoka kwetu. Haukupita mwezi kichwa kikaanza kuvuma kama cherehani isiyotiwa mafuta, ngozi ya uso inawaka, usiku silali. Nikishika simu dakika tano vidole vinakufa ganzi. Nimezunguka hospitali, vipimo vyote safi, mwisho naambiwa nina mawazo. Kuna kijana akaniuzia pazia la kuzuia mionzi kwa laki na nusu, akaniambia na vioo vya madirisha nivibandike foili. Nikabandika. Kazi nikahamishia ndani, sokoni anakwenda mdogo wangu. Nje natoka Ijumaa hadi Ijumaa, tena kwa baibui na glavu.

Sasa tangu Januari mapaja na nyonga zinauma, maumivu ya ndani kabisa, kwenye mfupa. Ngazi napanda nimeshika ukuta kama mjamzito wa miezi tisa. Nikarudi hospitali, daktari mmoja (huyu angalau alinisikiliza) akapima vitamini D. Imekuja nanogramu 11 kwa mililita, akasema chini ya 20 ni upungufu. Ameniandikia vidonge vya yuniti 50,000, kimoja kwa wiki, wiki nane. Sijameza hata kimoja. Kwenye kundi la WhatsApp la wenye shida kama yangu mtu kasema vitamini D inafanya mwili uvute mionzi, na yule kijana wa mapazia anasema jua lenyewe ni mionzi. Nasikia kuna taa za kuongeza hiyo vitamini, lakini ni za umeme, siziwezi.

Nimeze? Kuna chakula kinachotosha? Na jua mtu kama mimi nitalipataje? Wa kunicheka apite tu, nimeshachekwa vya kutosha.

Babu Kandambili

Dar hii hii ambayo jua linalainisha lami, mtu anaugua kukosa jua! Dada jianike kama dagaa, siku mbili umepona.

MamaZuu wa Muscat

Kandambili, kasema wa kumcheka apite, wewe umevuta na kiti.

Pole mdogo wangu. Mimi huku Muscat mwaka wa kumi na moja. Nje joto linafika 45, nani atakaa? Nyumbani kiyoyozi, garini kiyoyozi, kazini kiyoyozi, na baibui juu yake. Nilipima nikakuta 9. Huku Ghuba ni jambo la kawaida kabisa, jua lote lile na damu haina kitu. Nilifika mahali kuinuka kwenye mswala mpaka nishike kiti. Nikapewa vidonge hivyo hivyo vya wiki nane. Wiki ya sita nikasujudu, nikainuka bila kushika kitu, nikabaki nimesimama nalia, wanangu wakadhani nimepata habari ya msiba.

Kosa langu la mwanzo usilirudie: nilikuwa nameza alfajiri kwa maji matupu. Vitamini hii inasafiri kwenye mafuta. Meza baada ya chakula chenye mafuta, hata wali wa nazi.

Fundi wa Juu

Minara napanda mwaka wa 14 sasa. Tiba siijui, naongea ninachokijua.

Zile antena ndefu nyeupe hazimwagi chini kama bomba la bafuni. Zinapiga mbele, kama tochi uliyoishika usawa wa kifua ukaiinamisha kidogo. Na nguvu inakufa haraka: ukienda mbali mara mbili, inabaki robo. Simu iliyobanwa sikioni kwa kawaida inakupa mawimbi mengi kuliko mnara wa jengo la pili.

Halafu foili, dada! Simu iliyo ndani ya chumba kilichozibwa inahangaika kuutafuta mnara, na simu ikihangaika inaongeza nguvu, kama mtu anayeongea na kiziwi. Umelipa laki na nusu ili simu ya mdogo wako ipige kelele zaidi. Ukitaka kujua mnara wenu unatoa kiasi gani, wanaopima ni TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki. Waandikie. Huyo muuza mapazia alikuja na mashine gani ya kupimia?

Kuhusu jua kuwa mionzi, hapo hajakosea. Jua na simu ni ukoo mmoja, yote ni mawimbi ya sumakuumeme. Tofauti ni ukali. Chembe moja ya ile miale ya jua inayotengeneza vitamini ina nguvu mara laki kadhaa mpaka milioni na ushee kuliko chembe ya wimbi la simu. Kama shida ingekuwa mionzi yenyewe, jua la saa sita lingekuangusha kabla ya mnara.

SindanoNaUzi

Fundi, umenikumbusha kitu. Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda harusi Bagamoyo, nikakaa uwanjani karibu saa nzima turubai halijafika, jua lote langu. Kichwa kimya. Nilijisemea ni kwa sababu kule hakuna minara.

Fundi wa Juu

Bagamoyo ipi hiyo isiyo na mnara? Mabibi harusi mliwapigaje picha mkazirusha papo hapo?

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimevaa gauni jeupe miaka 31, nisikilize kwa utaratibu.

Kumi na moja ni ndogo mno, meza dawa uliyoandikiwa. Haivuti mionzi yoyote. Ikiingia, ini linaibadilisha, figo zinaimalizia, kisha inafanya kazi ya kuchota kalsiamu kwenye chakula kuipeleka damuni. Isipokuwepo, mwili unakwenda kukopa kwenye mifupa, na mapaja yako ndiyo yanayodaiwa. Uchovu na kukosa nguvu kwenye misuli vinaweza kutoka hapo hapo. Usije ukaubebesha mnara mizigo isiyo yake.

Ila kabla ya kumeza, mwambie daktari kama uliwahi kuwa na mawe kwenye figo au unatumia vidonge vya presha vya kukojoza, na uulize kama walipima kalsiamu na figo. Na kimoja kwa WIKI, si kwa siku. Nimemuuguza mama aliyemeza kila siku akidhani anawahi kupona: kiu isiyokatika, mkojo kila saa, kichefuchefu, choo kigumu, anaongea ovyo. Kalsiamu ilikuwa imejaa damuni. Ukimaliza wiki nane watakupa dozi ndogo ya kila siku. Mahitaji ya mtu mzima ni yuniti 600 kwa siku, na usivuke 4,000 kwa uamuzi wako mwenyewe.

Chakula kinasaidia lakini hakitakutoa hapo ulipo. Vibua, jodari, dagaa, maini, kiini cha yai, kula. Yai moja lina kama yuniti 40, maana yake ufikishe 600 unahitaji mayai kumi na tano kila siku. Kuku wa Magomeni watakuhama. Taa achana nazo, unakaa Dar.

SindanoNaUzi

Ahsante mama. Jua nikikaa dirishani, kioo kimefungwa, si ninalipata? Nitoe foili upande mmoja tu. Au nitoke saa moja asubuhi kama tunavyowatoa watoto?

Nesi Mstaafu

Dirishani utapata joto na mwanga, vitamini hapana. Kioo kinaizuia ile miale karibu yote.

Na hilo la asubuhi ni sisi manesi tuliolifundisha kliniki, kwa kuogopa watoto wasiungue. Asubuhi mno jua limelala, miale yake inapita kwenye hewa nyingi na ile tunayoitaka inachujwa njiani. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, unaota joto tu. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ndipo ngozi inafanya kazi. Kwa Dar hiyo ni kama kuanzia saa nne mpaka saa tisa, mwaka mzima, na Oktoba hapo jua linapita utosini kabisa. Ngozi nyeusi inachukua muda zaidi, kwa hiyo anza na dakika kumi, panda mpaka ishirini au thelathini, mara tatu au nne kwa wiki, mikono mpaka begani na miguu mpaka magotini ikiwa wazi. Uso funika ukipenda. Ukianza kuhisi kuchomwa, ingia ndani. (Anayesoma hapa na ana ualbino, maneno haya si yako. Wewe jifunike, umeze vidonge.)

Nikuongezee moja la nyumbani. Watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe wetu wanaoishi kwa mila zao, wakachapisha mwaka 2012. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kwa kipimo chako ni kama 46. Hawamezi kidonge.

MamaZuu wa Muscat

Na baibui lisikuzuie. Tafuta uani penye ukuta, wanaume wakiwa kazini, jifunge kanga moja, umalize shughuli yako.

Haki Yetu

Dada usidanganywe. Hao Shirika la Afya Duniani wanajua ukweli, wanalinda kampuni za simu. Endelea na foili.

Kalamu Nyekundu

Haki Yetu, andiko lao la 2005 umelisoma? Wamesema dalili za watu hawa ni za kweli na zinaweza kumlemaza mtu. Walichokataa ni kwamba kuna ushahidi wa kisayansi unaozihusisha na mawimbi. Hakuna mahali walipomwita mtu mwongo au kichaa.

Dada, watu wenye hali kama yako wamewekwa chumbani mara nyingi, mtambo unawashwa na kuzimwa, wao hawajui na anayewauliza hajui. Kwa jumla hawakuweza kutambua ulipowashwa kuliko mtu anayebahatisha, na wengi waliumwa kweli hata ulipokuwa umezimwa. Usiniamini mimi. Fanya na mdogo wako: simu ndani ya boksi, shilingi irushwe, kichwa anaiwasha, mwenge anaizima, anafunga boksi na kutoka chumbani bila kukutazama. Kaa nayo robo saa, andika unachohisi. Mara ishirini. Msifungue daftari lake mpaka mwisho.

SindanoNaUzi

Wapendwa, nimerudi, ni wiki ya saba sasa.

Vidonge nimeshameza sita, kila Jumapili baada ya wali. Wiki mbili za kwanza hakuna kitu, nikataka kuacha, mdogo wangu akanifokea. Sasa ngazi napanda na ndoo mkononi. Nyonga ya kushoto bado inanong'ona usiku.

Jua naliota uani kwa mama mwenye nyumba, chini kabisa, penye kamba za nguo. Ukuta mrefu, saa tano wanaume hawapo. Siku ya kwanza nilikaa dakika nne nikakimbia, moyo unanienda mbio, kwa sababu pale ukiinua macho mnara unauona mzima mzima. Siku ya pili nikaupa mgongo. Sasa nabeba na nguo za kupindia, nusu saa inakwisha sijui imekwishaje. Mama mwenye nyumba ameanza kushuka na mchele wake wa kuchambua, eti na yeye magoti.

Jaribio la boksi tulifanya siku nne. Mara ishirini, nimepatia tisa. Kuna mara moja kichwa kilivuma mpaka nikatapika, kufungua daftari, simu ilikuwa imezimwa. Niliumia, siwezi kuficha. Siku mbili sikusema na mtu. Mnara bado siupendi na kichwa bado kinavuma usiku, hilo msinisemee, lakini yule daktari amenipa rufaa ya mtu wa masuala ya usingizi na nimekubali kwenda.

Foili nimeibandua. Chumba kimekuwa cheupe mpaka nimeona vumbi la mwaka mzima juu ya cherehani. Yule kijana hapokei simu. Kipimo cha kurudia wamesema baada ya miezi mitatu, nitaleta namba hapa hapa.

Babu Kandambili

Nilisema jianike.

MamaZuu wa Muscat

Kaa kimya wewe. Mdogo wangu, hilo pazia la laki na nusu kitambaa chake kikoje? Hakitoki mfuko wa kubebea vibua?