Nimenyonya kokoto miaka 6, leo nimekabidhiwa ufagio mbele ya watu

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado nimevaa viatu vya kazi, kwa sababu nikivivua hasira itatulia, nami sitaki itulie. Mnamjua ninayemzungumzia. Kila mzungumza Kiswahili aliyewahi kufanya kazi za mapaa hapa Edmonton anamjua, na asiyemjua kwa sura anamjua kwa sauti, maana yeye akicheka huku, watu wa Calgary hufunga madirisha.

Leo asubuhi mtu huyo amenikabidhi ufagio. Amenikabidhi juu ya paa, mbele ya watu kumi na mmoja, akaniambia: "Chukua huu. Huu hauzibi."

Kwa wasioijua kazi yenyewe, majengo mengi ya huku yana paa bapa lililotandazwa utando wa kuzuia maji, na juu ya utando humwagwa mawe madogo ya mviringo ili upepo usiung'oe. Kila mita ya mraba hubeba kilo 50 hivi za mawe, kwa hiyo paa la leo, lenye mita za mraba 900, lilikuwa na takriban tani 45. Kwa koleo na toroli tungezishusha mpaka migongo iombe talaka. Kwa mashine, lori la kunyonya lenye tangi huegeshwa chini, mpira wa inchi 6 hupandishwa ukutani, na mawe hushuka yakilia ndani yake kama mvua ya mawe juu ya bati.

Mlio huo ndio roho ya kazi. Jiwe hubebwa na hewa inayokimbia, na hewa hiyo haina mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa mdomo ule ule unaomeza mawe. Ukiuzamisha mdomo wote ndani ya lundo, umeinyima mashine pumzi: mawe yaliyokuwa njiani hupungukiwa mwendo, hutuama, na hutuama mahali pabaya kuliko pote, yaani kwenye kiwiko, pale mpira unapopinda kuvuka ukingo wa paa.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa adabu, tena nikamwita mzee ingawa ninajua tumezaliwa mwaka mmoja: "Mzee, inua kidogo, ipate hewa." Akanitazama kama imamu aliyesahihishwa Fatiha na mtoto wa chuoni, kisha akaushindilia mdomo wa mpira kwenye mawe kama mwiko kwenye ugali wa matanga. Mlio ukakatika. Mashine kule chini ikaacha kunguruma ikaanza kulia, na dereva akapiga honi mpaka njiwa wa mtaa mzima wakahama.

Ni mimi niliyemwashiria dereva afungue vali ya kuondoa mvuto. Ni mimi niliyeugonga mpira kipande kwa kipande nikisikiliza mahali ambapo sauti tupu inageuka kuwa nzito. Ni mimi niliyekilegeza kiwiko yakamwagika mawe ya ndoo tatu, moja likiwa limeniangukia kwenye kidole cha mguu ambacho sasa kina ukubwa wa embe dodo. Nilipogeuka nikitarajia angalau neno "pole", nilikuta ameshika ufagio. Ufagio, jamani. Ufagio wa nailoni, wa kijani, ambao bado ulikuwa na karatasi ya bei, jambo linalomaanisha kwamba aliununua mapema akawa anaisubiri siku yake. "Huu hauzibi." Kijana mwenye wiki mbili tu kazini alicheka hadi kofia yake ngumu ikadondoka.

Ninauliza swali moja tu: aliyeziba mpira ni nani, na aliyepewa ufagio ni nani?

Mpanda Ngazi aliandika:
Pole sana, kaka. Mimi sishangai, kwa sababu huyo huyo alinipigisha shoti mwaka juzi. Kokoto kavu inapokimbia ndani ya mpira wa plastiki huzalisha umeme tuli, na ndiyo maana mpira huwa na waya ambao ni lazima uunganishwe na lori, na lori liunganishwe na ardhi. Yeye aliukata waya huo akidai unamchoma mikono. Nilipogusa kiungo cha chuma, zilisimama hata nywele nilizokwisha kunyoa.

Mkaguzi wa Kivuli aliandika:
Nimesoma malalamiko haya mara mbili nikitafuta jambo ambalo mwenye uzi amelikwepa kwa ustadi mkubwa. Ndugu, ulifagia au hukufagia?

Mwenye uzi aliandika:
Suala si hilo.

Mkaguzi wa Kivuli aliandika:
Alifagia.

Mwenye uzi aliandika:
Nilifagia sehemu ndogo kandokando ya tundu la maji ya mvua, ambako mpira kwa kawaida huacha vumbi, na ningepafagia hata kama nisingepewa ufagio wa mtu yeyote. Kilichoniuma ni kauli. Mtu ameziba kiwiko mwenyewe, kisha anasimama mbele ya watu kumi na mmoja na kutamka kwamba ufagio hauzibi, kana kwamba mimi ndiye niliyeziba!

Mpanda Ngazi aliandika:
Kwa kweli, nikitafakari kwa utulivu, kauli yenyewe ilikuwa nzuri.

Binti Kisauni aliandika:
Kaka zangu wa ughaibuni, mnalilia ufagio. Mimi niko Mombasa, na mwezi uliopita nililipia lori la kunyonya maji machafu lije kulisafisha shimo letu. Kumbe mafundi waliojenga ukuta wa jirani walikuwa wametupa mabaki ya kokoto humo. Lori lile ni la maji na tope, mpira wake ni mwembamba, na dakika ya tano ukaziba. Dereva akanieleza kwa sauti ya juu kwamba nimemharibia gari, akadai malipo ya pili, akaondoka akiwa ameacha shimo wazi na harufu iliyofika Nyali. Ningepewa ufagio ningeshukuru.

Fundi Reli aliandika:
Dada, huo ni uonevu. Mimi niko Sweden kwenye reli, ambako tunanyonya kokoto kati ya mataruma kwa sababu chini yake zimepita nyaya, na jino la ekskaveta likizigusa treni husimama. Kokoto za reli si kama hizo za paa zilizolainishwa kama peremende. Zina pembe kali, na hukila kiwiko kwa ndani mpaka unaona mwanga wa jua. Msimamizi wetu hunilaumu mimi kila kiwiko kinapotoboka, kana kwamba ninakitafuna usiku. Wakati wa baridi kokoto hugandamana, nasi huzitifua kwanza ndipo zipande, huku yeye akiwa ndani ya gari lenye joto akihesabu dakika.

Jirani wa Calgary aliandika:
Ninapinga maneno ya mwanzo kuhusu kufunga madirisha. Sisi tunayafunga kwa sababu ya vumbi la changarawe iliyomwagwa barabarani kipindi chote cha barafu, ambayo huja kuzolewa majira ya kuchipua. Mwaka huu gari la kufagia na kunyonya lilipita mtaani kwetu wakati magari yote yameegeshwa, likayazunguka kwa heshima, na changarawe yote iliyobaki iko mbele ya mlango wangu hadi leo.

Mkulima Kitale aliandika:
Samahani kwa kuingilia kati. Fundi Reli, mipira hiyo inapochakaa mnaipeleka wapi? Ninahitaji kitu kigumu cha kupitishia maji chini ya njia ya trekta shambani.

Fundi Reli aliandika:
Huchakaa upande mmoja tu, ule wa nje wa kona, ambako mawe hujipigiza. Kwa hiyo tunauzungusha robo mzunguko, kisha robo nyingine, mpaka pande zote ziwe zimeliwa sawasawa ndipo tunautupa. Kwa mfereji wa shamba ungekufaa miaka mingi, lakini gharama ya kuusafirisha kutoka huku ingekununulia trekta nyingine.

Binti Kisauni aliandika:
Mkulima, jaribu kuuliza hapa Mombasa. Yule dereva aliusahau mmoja uani kwangu, umeziba lakini hauna tundu.

Mkulima Kitale aliandika:
Dada, una urefu gani?

Mwenye uzi aliandika:
Ninaomba kwa heshima turudi kwenye suala la ufagio.

Mkulima Kitale aliandika:
Asante, ndugu, ufagio ninao. Dada, ni inchi ngapi?