Tupeane uzoefu: wewe ulirefuka ukiwa na umri gani?

Baba Kidato cha Pili (mleta mada)
Wadau, nina kijana wangu ametimiza miaka 15 mwezi uliopita. Mstarini ndiye anayesimama mbele kabisa, wenzake wanamwita Andunje, na mdogo wake wa kike wa miaka 12 keshampita vidole vinne. Juzi nimemkuta anachati na muuza vidonge vya "kurefuka ndani ya siku 30", elfu themanini na tano, nauli ya bodaboda juu yake. Mimi nilirefuka nimeshamaliza kidato cha nne, ila nikimwambia anaona namfariji tu. Mnaokumbuka mlivyorefuka andikeni hapa, nimpe asome mwenyewe. Yaliyowakuta nyinyi, siyo ya kusimuliwa.

Kisiki
Mwambie nilikuwa kama yeye. Mama akinishonesha suruali ya shule anamwambia fundi aache pindo la vidole vitano, "huyu atarefuka." Kidato cha kwanza pindo halijaguswa. Cha pili halijaguswa, suruali imepauka yote kasoro ndani ya pindo. Likizo ya Juni ya kidato cha tatu nikaanza kula kama mfungwa aliyeachiwa, ugali namalizia na ukoko. Kufika Desemba pindo limefumuliwa mara mbili, na kila likifumuliwa unabaki mkanda wa buluu iliyokolea chini ya ile iliyopauka. Darasani wakawa wananisoma kama rula: "Leo umefika mstari wa pili!"

Ila kilichotangulia ni nyayo. Nilitoka kiatu namba 6 hadi 9 urefu bado uleule, ngazi za shule najikwaa kama mlevi. Leo nina futi 5 na inchi 11.

Ngongoti wa Tandika
Mimi ilinijia ghafla nikiwa na 13. Siku moja naoga, mama akaniona mgongoni nina michirizi ya kulala, mmoja juu ya mwenzake, kama nimechapwa fimbo. Nikaapa hakuna aliyenigusa, hakuniamini. Kesho yake alfajiri yuko ofisi ya walimu na khanga kiunoni. Mwalimu masikini anajitetea, mama anamwambia "alama zinaonekana!" Ilibidi twende kituo cha afya, daktari akacheka: ngozi imevutika, mtoto amerefuka haraka kuliko ngozi yake. Mama hakurudi kuomba radhi. Mpaka namaliza shule yule mwalimu alikuwa hanisogelei.

Binti Pangani
Wanawake pia tuna yetu. Darasa la sita nilikuwa mrefu kuliko wavulana wote, naitwa Twiga, nikajifunza kutembea nimeinama. Nikavunja ungo nina miaka 12, baada ya hapo niliongeza vidole vichache tu basi. Rafiki yangu aliyekuwa ananifikia begani alivunja ungo na 15. Leo mimi ndiye ninayemfikia yeye sikioni. Wale wavulana kidato cha tatu walinipita wote, hata aliyeniita Twiga.

Muuguzi wa zamu
Hayo yote yana maelezo. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna sehemu laini ya gegedu, hapo ndipo mfupa unapoongezeka. Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nyingi hutoka usiku ukiwa kwenye usingizi mzito, kwa hiyo wanaokesha na simu mnisikie. Mtoto akibalehe, homoni za kubalehe zinaongeza moto. Msichana kwenye kilele huongeza kama sentimita 8 kwa mwaka, kwa kawaida akiwa na 11 au 12. Mvulana 9 mpaka 10, akiwa na 13 au 14, wengine baadaye. Mikono na nyayo hutangulia, miguu hufuata, kiwiliwili mwisho. Ndiyo hadithi ya Kisiki.

Halafu homoni zilezile ndizo zinazofunga mlango. Estrojeni, ambayo hata wavulana wanayo, huligeuza gegedu likawa mfupa mtupu, na likishafunga hakuna kidonge kitakachokurefusha. Aliyechelewa kubalehe bado mlango wake uko wazi. Hospitali wanaweza kumpiga picha ya mkono wa kushoto wakaona mifupa yake ina "umri" gani.

Mleta mada, jumlisha urefu wako na wa mama yake kwa sentimita, ongeza 13, gawa kwa mbili (kwa msichana unatoa 13). Wengi huangukia jirani na hapo. Lakini kama amefikisha 14 bila dalili yoyote ya kubalehe, au urefu umesimama kabisa, mpeleke akaonwe.

Mdogo wa Asha
Naongezea. Kaka yangu ana siko seli, alibalehe na miaka 17. Miaka yote hiyo watu walidhani mimi ndiye mkubwa. Kliniki walituambia ugonjwa huo huchelewesha, tusikate tamaa. Sasa tunalingana.

Chuma cha Pua
Mnazunguka tu. Dogo acheze kikapu na aning'inie kwenye mwembe kila asubuhi. Mwangalieni Hasheem Thabeet, yule Mtanzania mrefu aliyecheza kikapu NBA!

Kisiki
Mkuu, Thabeet alianza kikapu ana miaka 15. Urefu ndio uliompeleka kwenye kikapu, siyo kikapu kilichomrefusha. Mimi nilining'inia kwenye mwembe mwaka mzima nikaambulia sugu na siafu.

Sina Jina
Vidonge hivyo nilinunua nikiwa chuo, miaka 21. Nilijipima asubuhi kabla ya kuanza na jioni siku ya 30, nikakuta nimepungua sentimita moja. Nikampigia muuzaji kwa hasira, akasema niongeze dozi. Baadaye ndiyo nikajua kila mtu hupungua jioni, uti wa mgongo unashindiliwa kwa kusimama mchana kutwa.

Baba Kidato cha Pili
Asanteni sana. Dalili za kubalehe anazo, sauti imeanza kukwaruza mwaka huu. Kwa hesabu ya muuguzi anakuja kwenye 174. Amesoma yote kimya, akafika kwa Kisiki akarudia mara mbili, kisha akaenda kuleta viatu vya shule nilivyomnunulia Januari. Visigino vimekanyagwa kama ndala. Nimemgombeza muhula mzima nikidhani ni usharobaro.

Vinambana.